Urithi wa damu, dawa za kulevya na VVU: je, kuna mtu asiyeweza kuambukizwa?

Katika mikutano ya elimu ya afya vijijini kwetu hapa kambini kuna swali linaloulizwa karibu kila mara: "Inakuwaje mume ana VVU na mke hana, na wameoana miaka mingi?" Mara nyingi watu hujijibu wenyewe kabla mtoa elimu hajafungua mdomo. Wengine husema, "Huyo mama ana damu kali." Wengine husema mwenye damu ya kundi O haambukizwi. Na wapo vijana wanaojidunga dawa za kulevya ambao wamechangia bomba la sindano na wenzao mwaka mzima, wakapima, wakakutwa hawana VVU. Nao wanasema, "Sisi tulizaliwa hivyo, ugonjwa huu hautupati."

Maneno haya yanaweza kuua. Mtu akiamini damu yake inamkinga, ataacha kondomu, atapokea sindano ya mwenzake, na hatarudi kupima. Lakini ndani ya maneno haya kuna chembe ya ukweli, na ndiyo maana watu hawaachi kuyasema. Leo tutaitenganisha hiyo chembe na uongo. Tutajifunza urithi tuliopewa na wazazi unahusiana vipi na VVU, dawa za kulevya na pombe vinaingia wapi, na kila mmoja wetu afanye nini.

1. JENI NI NINI?

Mwili wetu umejengwa kwa chembe ndogo sana zinazoitwa seli. Ndani ya karibu kila seli kuna maelekezo ya namna ya kuujenga na kuuendesha mwili. Maelekezo hayo tumeyapokea nusu kutoka kwa baba na nusu kutoka kwa mama. Kila fungu la maelekezo linaitwa jeni. Binadamu ana jeni zipatazo 20,000. Ndizo zinazofanya mtoto awe na pua ya baba au urefu wa mjomba.

Tuchukue mfano tunaoujua wote: ugonjwa wa selimundu, ambao wengi hapa tunauita "SS". Mtoto akipokea jeni ya selimundu kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama, anaugua. Akipokea moja tu, anakuwa "AS". Huyu kwa kawaida haugui selimundu, tena anapata kinga fulani dhidi ya malaria kali. Kwa hiyo ni kweli kwamba jeni inaweza kumpunguzia mtu hatari ya ugonjwa unaotoka nje.

Lakini jiulize: mtoto wa AS tunamwacha alale bila chandarua? Hapana. Bado anaweza kuugua malaria, na wadogo zake anaolala nao hawana kinga hiyo. Shika mfano huu wa chandarua, tutauhitaji mbele.

2. VVU HAVIRITHIWI

Kabla hatujaendelea tuondoe kosa moja. Kuna familia hapa zinazonyooshewa kidole kwamba "ukimwi uko katika ukoo wao", hata vijana wao wanakataliwa uchumba. Huo ni uonevu na pia si kweli. VVU si jeni, ni virusi vinavyotoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine kwa njia ya damu, kujamiiana, au kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto wakati wa mimba, kujifungua au kunyonyesha.

Mtoto aliyezaliwa na VVU hakuvirithi, aliambukizwa. Tofauti ni kubwa, kwa sababu jeni huwezi kuizuia, maambukizi unaweza. Bila matibabu, katika kila watoto 100 wa akina mama wenye VVU, kati ya 15 na 45 huambukizwa. Mama akitumia dawa vizuri, idadi inashuka chini ya 5. Kama ungekuwa urithi, vidonge visingeweza kufanya hivyo.

3. JENI NA MLANGO WA VVU

Sasa tuje kwenye ile chembe ya ukweli.

VVU vinashambulia chembe nyeupe za damu, hasa zile zinazoitwa CD4, ambazo ni askari wa mwili. Ili kirusi kiingie ndani ya askari huyo, ni lazima kishike vitu viwili juu ya ngozi ya seli. Fikiria nyumba yenye mlango mmoja na komeo mbili. Komeo ya kwanza ni CD4 yenyewe. Komeo ya pili mara nyingi ni kitu kinachoitwa CCR5. Kirusi kisipoweza kufungua zote mbili, kinabaki nje.

Mwaka 1996 wanasayansi waligundua kwamba kuna watu ambao jeni yao ya CCR5 ina pengo: kipande kidogo kimekatika. Mtu aliyepokea jeni hiyo yenye pengo kutoka kwa wazazi wote wawili hana CCR5 juu ya seli zake. VVU vya aina ya kawaida vinashindwa kuingia. Aliyepokea kutoka kwa mzazi mmoja tu anaweza kuambukizwa, ila ugonjwa huenda polepole zaidi.

Mfano unaojulikana dunia nzima ni wa Timothy Ray Brown, Mmarekani aliyeishi Berlin, Ujerumani. Alikuwa na VVU, kisha akapata saratani ya damu. Mwaka 2007 daktari wake, Gero Hütter, alimpandikizia uboho wa mtu mwenye jeni hiyo yenye pengo kutoka kwa wazazi wote wawili. Upandikizaji ulirudiwa mwaka 2008. VVU havikuonekana tena mwilini mwake. Alifariki mwaka 2020, lakini kwa saratani ile iliyorudi. Matibabu hayo ni ya hatari sana, yanaweza kumuua mgonjwa. Hayafanywi kwa mtu ambaye shida yake ni VVU peke yake.

Sasa sikiliza vizuri, ndugu msomaji. Jeni hiyo yenye pengo inapatikana hasa kwa watu wenye asili ya Ulaya ya kaskazini, na hata huko ni kama mtu 1 tu kati ya 100 aliyeipokea kutoka kwa wazazi wote. Kwa sisi Waafrika ni karibu haipo kabisa. Kwa hiyo yule kijana wa hapa kijijini anayejisifu kwa "damu kali" hana sababu ya kutegemea jeni hiyo.

Tena hata wale wachache wa Ulaya hawana kinga kamili. Kuna VVU vya aina nyingine ambavyo havihitaji CCR5, vinafungua komeo nyingine iitwayo CXCR4. Wamekwisha kupatikana watu wenye jeni ile yenye pengo kutoka kwa wazazi wote, na bado wakaambukizwa.

Na damu ya kundi O? Makundi A, B, AB na O yanatokana na alama zilizo hasa juu ya chembe nyekundu. Komeo za VVU ziko kwenye chembe nyeupe. Kundi lako la damu ni muhimu ukihitaji kuongezewa damu. Kwa VVU halikukingi.

4. SOMO LA MAJENGO, NAIROBI

Mtu atauliza: "Basi kwa Waafrika hakuna kabisa wenye kinga?" Jibu liko karibu nasi, Nairobi nchini Kenya. Tangu mwaka 1985 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Chuo Kikuu cha Manitoba cha Kanada, akiwemo daktari Frank Plummer, walifuatilia afya ya wanawake wanaofanya biashara ya ngono katika mtaa wa Majengo, eneo la Pumwani. Wengi waliambukizwa. Lakini kikundi kidogo kiliendelea kupima mwaka baada ya mwaka bila kukutwa na VVU, ingawa walikutana navyo mara nyingi.

Watafiti walipochunguza hawakukuta pengo la CCR5. Walikuta tofauti katika jeni za HLA, ambazo zinawasaidia askari wa mwili kumtambua adui, na pia askari waliokuwa macho muda wote. Jeni hizo hizo za HLA zinaeleza kwa nini baadhi ya watu wenye VVU hukaa miaka mingi bila kuugua na wengine huugua upesi. Wanaoweza kuvidhibiti VVU kwa muda mrefu bila dawa yoyote ni chini ya mtu 1 kati ya 100.

Lakini habari ya Majengo haikuishia hapo. Baadhi ya wanawake waliodhaniwa wana kinga waliambukizwa baadaye. Watafiti walishangaa kuona kwamba wengi wao walikuwa wamepumzika kazi ile kwa muda au wameipunguza. Kinga waliyokuwa nayo haikuwa ukuta wa mawe. Ilipungua, na mlango ukafunguka.

Kama kulikuwa na watu duniani wenye haki ya kusema "mimi siambukizwi", ni wanawake wale. Na bado baadhi yao waliambukizwa.

5. KWA NINI BASI MWINGINE ANAPONA MWAKA MZIMA?

Hapa tutumie hesabu kidogo, kama tulivyofundishwa shuleni. VVU havihami kila mara mtu anapokutana navyo. Makadirio yanayotumiwa na CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, yanasema hivi pale mwenye VVU asipotumia dawa:

- Mwanamke akilala na mume mwenye VVU bila kondomu, kwa wastani ni maambukizi 8 katika mara 10,000.
- Kuchangia bomba la sindano na mwenye VVU, ni maambukizi 63 katika mara 10,000.

Usidanganyike kwamba namba ni ndogo. Kijana anayejidunga mara 3 kwa siku anajidunga mara 1,095 kwa mwaka. Tuseme katika hizo, mara 1 tu kati ya 10 anatumia bomba lililotoka kwa mwenye VVU. Hizo ni mara 109. Ukipiga hesabu, mwisho wa mwaka vijana wa namna hiyo karibu nusu watakuwa wameambukizwa, na nusu bado.

Je, hao nusu waliobaki wana damu kali? Hapana. Ni kama kurusha sarafu, wao imeangukia upande mzuri. Mwaka wa pili sarafu inarushwa tena.

Kwa mume na mke pia ni hivyo. Wakilala pamoja mara 2 kwa wiki, hesabu inaonyesha kwamba kwa mwaka wanawake kama 8 kati ya 100 ndio wataambukizwa. Wengine 92 watapima na kukutwa salama, na majirani watasema wana damu kali. Miaka ikiongezeka, idadi ya walioambukizwa inaongezeka pia. Na hizi ni wastani tu. Mtu aliyeambukizwa wiki chache zilizopita ana virusi vingi sana, na vidonda sehemu za siri huongeza hatari mara nyingi zaidi.

6. ULEVI NAO UNA URITHI

Mpaka sasa tumezungumzia jeni na virusi. Sasa tuingize dawa za kulevya na pombe. Wazee husema mtoto wa nyoka ni nyoka. Je, mtoto wa mlevi ni mlevi?

Katika miaka ya 1970, nchini Denmark, watafiti waliwachunguza wana wa walevi ambao walilelewa na familia nyingine tangu wadogo. Hawakumwona baba akilewa, lakini walikuwa na hatari kubwa zaidi ya kuwa walevi kuliko wenzao. Uchunguzi mwingine wa mapacha umeonyesha kwamba karibu nusu ya tofauti kati ya mtu na mtu katika hatari ya uraibu wa pombe inatokana na jeni. Uraibu maana yake ni kuzoea kitu mpaka unashindwa kukiacha hata kinapokuumiza.

Si jeni moja, ni nyingi, kila moja inaongeza au kupunguza kidogo. Na nusu nyingine inatokana na maisha: rafiki, huzuni, kukosa kazi, vita tulivyoviona, na urahisi wa kupata gongo, kanyanga, bangi au unga.

Tuchukue mfano. Kuna ndugu wawili wa tumbo moja, tuwaite Bahati na Amani (majina ni ya kufundishia tu). Baba yao alikuwa mlevi. Wote wawili wamechukua jeni kwa baba yule. Amani aliliona tatizo, akaamua asionje. Jeni yake ya ulevi, kama anayo, imekaa kimya kama mbegu isiyopata maji. Bahati alianza na gongo, mjini akaonja unga kwa kuvuta, kisha akafundishwa kujidunga. Mbegu ikapata maji. Kwa hiyo kama kuna ulevi katika ukoo wako, hiyo si hukumu bali ni onyo. Wewe ndiye hasa usiyepaswa kuonja. Na Bahati hastahili kutukanwa, kwa sababu alibeba mzigo mzito kuliko alivyojua. Anastahili kutibiwa.

7. MAHALI MANNE AMBAPO URITHI NA ULEVI HUKUTANA

Sasa tuunganishe. Tumfuate Bahati hatua kwa hatua.

Hatua ya kwanza: jeni zinamsukuma kwenye uraibu. Hilo tumelieleza.

Hatua ya pili: uraibu unampeleka kwenye VVU. Asipopata unga anashikwa na arosto: mwili unauma, anatapika, anatetemeka. Katika hali hiyo hatafuti sindano mpya, anatumia iliyo karibu. Mabaki ya damu ndani ya bomba yanaweza kuhifadhi VVU hai kwa siku kadhaa, na zaidi panapokuwa na ubaridi. Mwaka 2005 iliripotiwa kutoka Dar es Salaam kwamba baadhi ya wanawake wanaojidunga walikuwa wakivuta damu yao ndani ya bomba mara baada ya kujidunga, kisha kumpa mwenzao aliye na arosto ajidunge damu hiyo, wakiamini ina unga wa kutosha kumtuliza. Walifanya kwa huruma, lakini ni sawa na kumwongezea mtu damu isiyopimwa. Katika miaka hiyo watafiti waliopima wajidungaji wa jiji hilo walikuta VVU kwa zaidi ya mmoja kati ya kila watatu, na kwa wanawake zaidi ya nusu.

Pombe haina sindano, lakini nayo inapeleka huko huko. Mlevi anasahau kondomu, hakumbuki alilala na nani, na msichana aliyeleweshwa hawezi kujitetea.

Hatua ya tatu: dawa za kulevya zinaongeza komeo na kuchosha askari. Hapa ndipo jeni na unga vinakutana ndani ya seli moja. Heroini ikiingia mwilini hugeuka kuwa morfini. Katika maabara imeonekana kwamba seli zilizowekwa kwenye morfini hutengeneza CCR5 nyingi zaidi. Yaani wakati dunia inatamani watu wasio na komeo hiyo, morfini inaongeza komeo ambazo kirusi kinaweza kuzishika. Pombe nyingi nayo inadhoofisha kinga ya mwili na kuharibu ini. Kwa hiyo hata kama mtu alipewa na wazazi kinga kidogo, ulevi unampunguzia.

Hatua ya nne: jeni na ulevi vinagusa matibabu. Dawa ikimezwa, ini ndilo linaloivunja, na kasi yake inategemea jeni. Wengi mnakumbuka efavirenzi, dawa ya VVU iliyokuwa ikitumika sana zamani. Wengine walipata kizunguzungu na ndoto za kutisha, wengine hawakusikia chochote. Sababu moja ni jeni iitwayo CYP2B6. Waafrika wengi wana aina ya jeni hiyo inayovunja efavirenzi polepole, hivyo dawa inajaa kwenye damu. Waliolalamika hawakuwa wavivu wala waongo. Tangu mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani limependekeza dawa ya dolutegravir iwe ya kwanza, na kidonge kimoja kwa siku chenye dawa hiyo ndicho kinachotumika sana leo.

Ulevi nao unaharibu matibabu kwa njia rahisi zaidi: mtu anasahau kumeza. Kuna pia wanaoacha kidonge kwa makusudi siku wanayokunywa, wakiamini dawa na pombe vikikutana ni sumu. Ushauri ni huu: punguza au acha pombe, lakini kama umekunywa, kidonge chako cha VVU meza vilevile. Kuruka dozi kunavipa virusi nafasi ya kuzaliana na kuzoea dawa.

8. TUFANYE NINI?

Jeni zako huwezi kuzibadilisha. Na kwa matumizi ya kawaida hakuna haja ya kuzipima, kwa sababu kila kinga tutakayoitaja hapa inafanya kazi kwa watu wote, wawe wamerithi nini.

Kwa wanandoa ambao mmoja ana VVU na mwingine hana. Msitafute "damu kali", tafuteni dawa. Uchunguzi mkubwa wa wanandoa na wapenzi 1,763 wa namna hiyo katika nchi 9, Kenya ikiwemo, ulionyesha mwaka 2011 kwamba mwenye VVU akianza dawa mapema, maambukizi kwa mwenzake yanapungua kwa asilimia 96. Leo tunajua zaidi: anayemeza dawa vizuri mpaka virusi havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa njia ya kujamiiana. Mpaka kipimo kithibitishe hivyo, tumieni kondomu. Asiye na VVU anaweza pia kumeza dawa ya kinga iitwayo PrEP. Uliza mhudumu wa afya.

Kwa anayejidunga. Kuacha ndilo bora kuliko yote. Lakini kama leo hujaweza, usichangie bomba, sindano, maji wala pamba na mtu yeyote. Kusuuza kwa maji tu hakuondoi VVU. Na usiseme, "Mwenzangu anameza dawa, virusi vyake havionekani." Uhakika tuliousema juu ni wa kujamiiana, haujathibitishwa kwa sindano. Kumbuka pia kwamba kwa bomba hilo hilo unaweza kupata homa ya ini aina ya B na C.

Kwa anayetaka kuacha. Matibabu yapo. Tanzania ilianza kutoa methadoni mwaka 2011 katika Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, na baadaye huduma ikafika sehemu nyingine za nchi. Methadoni inazuia arosto, mtu anapata nguvu ya kufanya kazi na kumeza dawa zake. Anayetumia methadoni amweleze daktari dawa nyingine zote anazotumia. Efavirenzi, na rifampisini ya kifua kikuu, zinapunguza nguvu ya methadoni, na mgonjwa asipoongezewa dozi arosto hurudi na yeye hurudi kwenye unga. Mueleze mhudumu wa afya wa kambi hali yako ili uelekezwe namna ya kupata matibabu.

Kwa aliyekutana na hatari. Umebakwa, umechomwa na sindano iliyotumika, kondomu imepasuka: nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ipo dawa ya dharura ya siku 28, lakini ni lazima ianze ndani ya saa 72. Ukisubiri wiki moja, itakuwa haina kazi.

Kwa sisi wote. Usichomwe sindano na watu wanaopita nyumba kwa nyumba na mabomba mfukoni. Usichangie wembe wa chale. Ukipima baada ya hatari ukakutwa huna VVU, rudia baada ya miezi 3, kwa sababu maambukizi ya karibuni hayaonekani mara moja.

Kwa wazazi. Kama kuna ulevi katika ukoo, waambie watoto wazi, bila aibu. Mtoto anayejua yuko karibu na shimo atatembea kwa uangalifu kuliko asiyejua.

9. TUJIPIME

Jibu NDIYO au HAPANA, kisha linganisha na majibu yaliyo chini.

a) Mtoto aliyezaliwa na VVU alivirithi kwa njia ya jeni.
b) Mtu wa damu ya kundi O hahitaji kondomu.
c) Mtoto wa mlevi ni lazima awe mlevi.
d) Mtu aliyechangia sindano mwaka mzima bila kuambukizwa anaweza kuambukizwa kesho.
e) Aliyekunywa pombe jioni ameze kidonge chake cha VVU kama kawaida.

Majibu: a) Hapana, aliambukizwa. b) Hapana. c) Hapana, hatari yake ni kubwa zaidi, lakini asipoonja hawezi kuwa mlevi. d) Ndiyo. e) Ndiyo.

Ndugu msomaji, rudi kwenye chandarua. Mtoto wa AS ana kinga kidogo ya malaria, na bado tunamfunika kila usiku. Basi hata kama ni kweli wewe una kinga fulani uliyorithi, jifunike: kondomu, sindano isiyochangiwa, kidonge kwa wakati, kipimo kwa wakati. Na usipokuwa na kinga hiyo, kama sisi wengi, hivyo ndivyo vitakavyokuokoa.

Msomee somo hili jirani asiyejua kusoma. Mwenye swali alilete kwa mhudumu wa afya wa kijiji chake au katika kituo cha afya kilicho karibu. Ushauri na kipimo ni siri yako.